Kizimba cha nyoka wa nyumbani Mtwara: zimeni taa kwanza

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mtwara mjini. Klabu yetu ya mazingira imepata kibali cha kutunza nyoka mmoja wa nyumbani kwa ajili ya kufundishia, jike, urefu wake kama sentimita 80. Kwa sasa tumemweka kwenye akwariamu ya zamani ya samaki yenye urefu wa sentimita 60. Juu tumefunika kwa wavu na kuukandamiza kwa matofali mawili. Iko dirishani ili apate jua, na tumening'iniza balbu ya wati 60 juu yake, maana maelekezo yote tuliyoyasoma mtandaoni yanasisitiza taa ya joto. Chini tumemwaga maranda ya seremala, na mzazi mmoja amejitolea kutuletea maganda ya korosho bure. Wiki ya pili sasa nyoka hali. Mchana kutwa anasugua pua kwenye kioo, na akilala analala ndani ya bakuli la maji. Tumekosea wapi, na kizimba cha kudumu tukijengeje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kabla hujamaliza kusoma, nenda ukazime hiyo balbu na umwondoe nyoka dirishani. Mengine yote yanaweza kusubiri hadi Jumamosi, hilo haliwezi.

Nyoka wa nyumbani, ambaye ni aina ya nyoka asiye na sumu, ni wa usiku. Mchana anatakiwa awe amejikunja mahali pa giza, umtafute ndipo umwone. Anayehangaika saa sita mchana na kuhamia kwenye bakuli anatafuta pa kukimbilia, na kwa maelezo yako anakimbia joto. Kulala majini kuna sababu nyingine mbili, hivyo hakikisha: huenda anakaribia kujivua gamba (macho yangekuwa na ukungu wa buluu), au ana utitiri. Mwaga yale maji ya bakuli kwenye sahani nyeupe. Ukiona vinukta vyeusi vilivyotuama chini kama pilipili manga iliyosagwa, huo ni utitiri, na nitakuelekeza dawa yake kando.

Maelekezo mliyoyasoma ni sahihi kwa walioyaandika. Yameandikwa na watu wa nchi zenye baridi kali miezi kadhaa ya mwaka, kwa hiyo kizimba chao kinajengwa kutunza joto. Mtwara mchana wa Desemba hewa yenyewe inafika nyuzi 31 bila msaada wa mtu. Ongeza kioo, jua la dirishani na balbu, humo ndani mnampika. Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake kama wetu. Analichukua pale alipolala, na likizidi anahama. Asipokuwa na pa kuhamia, nyuzi 40 zinatosha kumuua, na kwenye kioo kilichopigwa jua zinafika haraka kuliko unavyodhani.

Hili nililijua kwa gharama. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipeleka nyoka wawili kwenye maonyesho ya shule, ndani ya boksi la kioo. Saa tatu asubuhi niliwaweka chini ya mwembe, kivuli kizito kabisa. Nikaitwa ofisini, mazungumzo yakawa marefu. Niliporudi kivuli kilikuwa kimehama hatua nne kuelekea ukutani na boksi limebaki juani. Mmoja alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Yule mwingine alipona kwa sababu alijipenyeza chini ya kigae cha mtungi nilichokuwa nimekiweka kwenye kona, kipande kisichozidi kiganja. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kizimba cha nyoka huanzaje, jibu langu ni kwamba huanza na mahali kitakapokaa. Mbao na kioo hufuata baadaye.

Kwa hiyo tafuta mahali kwanza. Epuka chumba cha bati kisicho na dari. Saa nane mchana humo hata wewe hukai. Chagua ukuta wa ndani usiopigwa jua la asubuhi wala la jioni. Nunua kipimajoto cha dijitali chenye waya, kiweke pale pale mnapokusudia, usawa wa meza, na uandike joto mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili alfajiri, saa nane mchana, na saa tatu usiku. Fanya hivyo siku tatu. Nyoka wa nyumbani anahitaji upande mmoja wenye nyuzi 30 hadi 32 na upande wa pili wenye 24 hadi 26, achague mwenyewe. Chumba chako kikicheza kati ya 24 na 31, hamhitaji kifaa chochote cha joto kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Msomaji wa Newala asinakili hili bila kupima. Kule juu ya uwanda wa Makonde, ambako Ionides, yule Mwingereza aliyeitwa Bwana Nyoka, alikuwa akiishi na kukamata nyoka katika miaka ya 1960, usiku wa Julai ni wa sweta. Nyoka aliyemeza panya kisha akapatwa na baridi hawezi kumsaga. Panya huozea tumboni na hutapikwa. Huko, au hata Mtwara siku chache za kusi kali, tumia mkeka wa joto wa umeme uliofungwa chini ya theluthi moja ya kizimba, kwa nje, ukiongozwa na thamostati, kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichopanga. Bila thamostati msiuwashe kabisa. Hewa ikiwa ya moto nyoka huhama, lakini kitu kinachomuunguza tumbo taratibu mara nyingi haondoki juu yake. Nimetibu vidonda hivyo, hupona kwa miezi.

Sasa kizimba chenyewe. Sentimita 60 hazimtoshi nyoka wa 80. Kanuni ninayoifuata ni kwamba aweze kujinyoosha sakafuni bila kugusa kuta zote mbili, kwa hiyo mjengeeni urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 45. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, ya milimita 12, inatoa sakafu, paa, mgongo na mbavu mbili, na kipande kinabaki. Mbele wekeni mlango wa kioo wenye bawaba. Mlango wa mbele una faida ambayo wengi hawaioni: adui wa nyoka huyu porini, mwewe na bundi, humjia kwa juu, hivyo mkono unaoshuka kutoka juu humtisha kila mara, ule unaoingia kwa mbele huuzoea.

Kabla ya kulipa, mwulizeni fundi mbao imepakwa nini. Huku kwetu mbao nyingi hupakwa dawa ya mchwa au oili chafu, na zote mbili ni sumu kwa mnyama anayelaza tumbo juu yake usiku na mchana. Mkipaka vanishi, iwe ya maji, na mliache boksi wazi wiki mbili mpaka ukiingiza kichwa usisikie harufu.

Hewa ndiyo inayonisumbua zaidi kwa pwani yetu. Kuanzia Desemba hadi Aprili unyevu wa Mtwara ni mwingi kiasi kwamba viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Nyoka wa nyumbani anapenda unyevu wa wastani, asilimia 40 hadi 60. Katika hewa iliyotuama anapata malengelenge tumboni, au mapafu yanaharibika, utamwona anainua kichwa na kupumua mdomo wazi, mate yakitoa povu. Toboeni dirisha la sentimita 30 kwa 8 chini kwenye ubavu mmoja, na jingine la ukubwa huo juu kwenye ubavu wa pili. Hewa ya moto itapanda na kutoka juu, ya baridi itaingia chini. Yazibeni kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, upigiliwe kwa ndani na kingo zake zifunikwe kwa ubao mwembamba, maana pua inayosugua waya hutoka damu. Wavu wa mbu wa nailoni haufai, panya akiwekwa humo hai ataukata.

Maganda ya korosho mshukuruni mzazi lakini msiyapokee. Mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho anayajua yale mafuta yanavyobabua vidole. Fikiria tumbo la nyoka juu yake. Maranda nayo yaondoeni, hamjui ni ya mti gani, na ya mpingo kutoka kwa wachongaji vumbi lake huwasha hata ngozi ya binadamu. Mnacho kitu bora kuliko vyote na kiko kila uani: makumbi ya nazi. Yaloweke, yapondeni, mpate usumba na unga wake, vikaushwe juani siku mbili, kisha mmwage unene wa sentimita 5. Nje ya nchi watu hununua makumbi hayo hayo yakiwa yamekandamizwa kama tofali.

Wekeni maficho mawili yanayofanana, moja kila upande, asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Kigae cha chungu kilichopinduliwa ni kizuri mno. Kiwe kidogo cha kumbana, nyoka hupenda kuguswa na kuta za maficho yake. La tatu, kopo lenye tundu na usumba wenye majimaji, liwe la kipindi cha kujivua gamba. Bakuli la maji liwe zito, la udongo.

Kuhusu kufunga, matofali juu ya wavu hayatoshi. Pitisha kidole chako kidogo kila ufa. Kikipita, kichwa chake nacho kitapita. Komeo mbili na kufuli, ufunguo mmoja kwako na mmoja kwa mwalimu mwenzako. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta, kama kabati la chakula la bibi zetu, kwa sababu siafu wakiingia usiku mtakuta mifupa. Na siku chumba kikipulizwa dawa ya mbu, nyoka atolewe kabisa na asirudi hadi kesho yake.

Mkishahamia, mwacheni siku saba bila kumshika, kisha mpeni panya mmoja usiku, aliyekufa, mnene kadiri ya kiuno cha nyoka. Panya wa mtaani hapana, huenda amekula sumu. Wanafunzi wanawe mikono kwa sabuni kila wakimgusa, watambaazi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Na wale watakaosoma hapa wakatamani kumchukua nyoka wa shambani: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata wala kufuga bila kibali, na zaidi ya hapo, nyoka wadogo wa kahawia na weusi, wenye sumu na wasio na sumu, huchanganywa kirahisi. Wa nyumbani ana mistari miwili myeupe-njano kila upande wa kichwa, mmoja ukitoka puani kupita juu ya jicho, wa pili ukishuka kuelekea pembe ya mdomo. Wenu mwangalieni leo. Mistari hiyo ikikosekana, msimshike tena, nitumie picha.

Vinginevyo nasubiri namba tisa za kipimajoto. Andika na aina ya paa la chumba.