Mwambie kabla hajakanyaga boti yako

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linatuhusu sana sisi tunaovua samaki huku Marekani: "Una leseni ya kubeba bastola, umeificha kiunoni, uko ziwani. Maafisa wanakuja kukagua usalama wa boti, ukaguzi wa kawaida tu. Unawaambia, au unanyamaza kwa kuwa ni haki yako?" Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Grand Rapids, Michigan, na boti yangu naishusha Grand Haven, kwenye Ziwa Michigan, mji ambao una kituo cha Walinzi wa Pwani (Coast Guard) na unajivunia kuitwa mji wao. Jibu langu: unawaambia, tena kabla mtu hajatia mguu ndani ya boti.

Wengi wetu tunaingia ziwani na akili ya barabarani, na hapo ndipo tunapopotea. Barabarani askari hawezi kukusimamisha hivi hivi ili aangalie leseni. Lazima awe na sababu ya kukushuku; Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hilo mwaka 1979 katika kesi iliyotoka jimbo la Delaware. Majini mambo ni mengine kabisa. Walinzi wa Pwani wana sheria ya taifa inayowaruhusu kupanda chombo chochote cha Kimarekani, kuuliza, kukagua na kupekua, bila hati ya mahakama na bila kukushuku kwa lolote. Mizizi yake inarudi mwaka 1790, Bunge la kwanza la nchi hii lilipowapa maafisa wa ushuru mamlaka ya kupanda meli ili wakamate magendo. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilipata nafasi ya kulipima jambo hili, katika kesi ya mashua ya tanga iliyoitwa Henry Morgan II. Maafisa wa forodha waliipanda huko Louisiana ili waangalie karatasi zake, wakanusa bangi, wakaikuta imejaa. Mahakama ilisema hawakukosea kupanda, hata kama hawakuwa na sababu ya kuishuku. Hoja mojawapo ilikuwa rahisi: majini huwezi kuweka kizuizi kama cha barabarani ambapo kila gari linapita mbele ya askari.

Baadhi ya majimbo yameona hili limezidi. Ohio, kwa mfano, ina sheria inayowazuia maafisa wa jimbo lenyewe kusimamisha boti bila shaka ya msingi. Lakini sheria ya Ohio haimfungi Mlinzi wa Pwani, ambaye ni wa serikali ya taifa. Kwa hiyo mwenye bastola kiunoni ambaye barabarani anaweza kumaliza miaka bila kuulizwa, ziwani ahesabu kwamba ataulizwa. Ukaguzi wa majini si ajali ya bahati mbaya, ni sehemu ya kuvua samaki, kama foleni ya kushushia boti Jumamosi asubuhi.

Ninaowasikia wakitetea kunyamaza wanaitaja hukumu ya Bruen ya mwaka 2022, ile iliyosema Katiba inalinda haki ya kubeba bastola nje ya nyumba. Sina ugomvi nayo. Ila swali hapa si kama una haki ya kubeba. Swali ni kama umwambie afisa, na hilo kila jimbo limelijibu kwa njia yake. Florida haikulazimishi useme mwenyewe. North Carolina na Louisiana zinakulazimisha. Michigan, ninapoishi, inakulazimisha bila kona kona: mwenye leseni aliyebeba bastola iliyofichwa akisimamishwa na askari, anatakiwa aseme mara moja, si baada ya kuulizwa. Kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na leseni kusimamishwa miezi 6. Ukirudia ndani ya miaka 3 ni dola 1,000 na leseni inafutwa. Na ziwani askari wa kaunti na maafisa wa Idara ya Maliasili ya jimbo ni askari kamili, hata kama wamekuja kuhesabu samaki wako tu.

Sasa namna yenyewe ya kusema, maana naona watu wanalipita jambo hili haraka wakati ndilo lenye hatari.

Boti yao inasogea ubavuni mwa yako. Upepo unavuma, injini mbili zinanguruma, nanyi mnapiga kelele ili msikilizane. Mara nyingi swali lao la kwanza halihusu jaketi okozi wala mtungi wa kuzimia moto. Wanauliza: mna silaha yoyote ndani? Ukiwa na lafudhi kama yangu, na neno la kwanza kutoka kinywani mwako likawa "bastola", huenda ndilo neno pekee watakalolisikia. Anza na leseni. "Nina leseni ya kubeba silaha, na ninayo sasa hivi, iko kiunoni upande wa kulia. Mngependa nifanye nini?" Kisha ngoja. Mikono iache kwenye usukani au juu ya ukingo wa boti, mahali wanapoiona. Na hapa nawaonya ndugu zangu hasa: sisi tukisema kitu kiko hapa, mkono nao unafika hapo hapo. Ni tabia yetu ya kuongea. Siku hiyo mkono usifike.

Wanaweza kukuacha nayo, wanaweza kukuomba usogee mbali nayo, wanaweza kuichukua, kuitoa risasi na kuishika wao mpaka wamalize. Wafanye watakavyo. Usijitolee kuitoa mwenyewe ili uwaonyeshe kwamba huna nia mbaya. Boti inayumba, na bastola inayotolewa kwa nia njema inafanana sana na ile inayotolewa kwa nia mbaya.

Kwa nini nasema kabla hajapanda? Kwa sababu akishapanda, mko watu watatu au wanne ndani ya boti ya futi 18. Wimbi la meli kubwa likipita, afisa anayumba na kushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni wewe. Akigusa chuma kiunoni mwako kabla hujamwambia, umempa nusu sekunde ya kuamua wewe ni nani.

Jaketi okozi nalo lina mtego wake. Ukilivaa, kama inavyoshauriwa, linaifunika bastola vizuri kuliko shati. Kisha afisa anaomba karatasi za usajili, nawe unaingiza mkono chini ya jaketi kutafuta pochi. Hata mtu asiye na silaha asifanye hivyo. Karatasi ziwe kwenye mfuko wa nailoni karibu na usukani, na kamwe zisiwe kwenye kisanduku kimoja na bastola. Nimewahi kuona mtu ameviweka pamoja na leseni yake juu ya magazini, kile kibebea risasi cha bastola, eti ili asisahau kuionyesha!

Na bastola ya ishara, ile ya plastiki ya rangi ya chungwa inayorusha fataki za kuomba msaada? Itaje pia. Kwa boti ya futi 16 au zaidi kwenye Maziwa Makuu ya huku Marekani unatakiwa uwe na ishara za kuonekana za kuomba msaada, kwa hiyo wengi wanayo bila hata kuifikiria kama silaha. Afisa atataka kuziona fataki zenyewe hata hivyo, kwa kuwa zinaisha muda miezi 42 tangu zitengenezwe, na yeye anasoma tarehe. Usimrushie mkononi. Mwambie ilipo, aichukue mwenyewe.

Jambo jingine ambalo halikuwa kwenye swali lenu lakini linauma: bia. Sheria ya kuendesha boti inakuhesabu mlevi pombe ikifika 0.08 kwenye damu. Leseni ya bastola ya Michigan haikusubiri mpaka hapo, inaanza kukubana kwenye 0.02. Chupa moja kwenye jua inaweza kukuacha salama kama nahodha na mkosaji kama mwenye silaha.

Kuna ukaguzi wa pili ambao watu wanauchanganya na huu. Walinzi wa Pwani wana kikosi cha raia wa kujitolea, kilichoanzishwa mwaka 1939, ambao hukagua boti bure hapo gatini, kwa hiari yako. Hawatozi faini. Boti ikifaulu wanakubandikia stika; ikishindwa wanakwambia kinachokosekana, basi. Wengi wao ni wastaafu, wazee wa watu wanaoinama ndani ya boti yako kuangalia matundu ya hewa ya chumba cha injini. Wao si askari na hawabebi silaha kwenye kazi hiyo. Kwenye ukaguzi huu mimi sioni haja ya bastola hata kidogo. Wewe ndiye uliyemwita mgeni. Iache nyumbani, au ifungie kwenye gari kama sheria ya mahali inaruhusu. Wala usidhani stika hiyo ni kinga: Mlinzi wa Pwani anaweza kupanda boti yako siku hiyo hiyo.

Nije kwa sisi wahamiaji. Grand Rapids kuna jamii kubwa ya Wakongomani, na Kiswahili utakisikia sokoni na kanisani, kwa hiyo mazungumzo haya tunayafanya kila majira ya joto. Mwenye kadi ya kijani, yaani ruhusa ya ukaazi wa kudumu, anaweza kumiliki bastola na kuomba leseni Michigan akifikisha miaka 21 na masharti mengine. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida hawezi hata kuimiliki. Sheria ya taifa inamkataza, na adhabu inafika miaka 15 gerezani tangu sheria ilipokazwa mwaka 2022. Kuna mlango mdogo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usiupite bila wakili. Kumiliki kwenyewe si lazima iwe kiunoni mwako. Mpwa wako aliyekuja kusoma, ukimwachia mfuko wenye bastola aushike wakati unavuta samaki, umemweka pabaya, na hajui. Hata mwenye kadi ya kijani, hukumu ya kosa la silaha inaweza kumrudisha alikotoka. Mzaliwa wa hapa akikosea anapoteza leseni. Sisi tunaweza kupoteza makazi.

Mipaka pia iangalieni. Ziwa Michigan ndilo pekee kati ya Maziwa Makuu matano lililo lote ndani ya Marekani, hivyo kutoka Grand Haven huwezi kujikuta Kanada. Walioko Detroit wanaweza: mpaka unapita katikati ya mto, na Kanada haina mchezo na bastola. Na hata kwenye ziwa letu, ukivuka mpaka Chicago ujue Illinois haiitambui leseni ya Michigan. Maji hayana alama, ila ramani ya simu inayo.

Mtaniuliza kama mimi mwenyewe nabeba. Nina leseni, na ziwani sibebi. Najua bastola botini inatoka wapi vichwani mwetu. Kule Ziwa Tanganyika wavuvi wamevamiwa usiku na watu wenye bunduki, wakanyang'anywa injini na nyavu, wengine wakatupwa majini. Mtu aliyeukulia woga huo haachi kuubeba kwa sababu tu amehama bara. Lakini hapa hakuna anayekuja usiku kuchukua injini yako. Kinachoua hapa ni maji baridi. Mwaka 2023 watu 564 walikufa kwenye ajali za boti za starehe Marekani nzima. Kati ya wale ambao chanzo cha kifo chao kilijulikana, robo tatu walizama, na katika waliozama ambao taarifa za jaketi zao zilikuwepo, asilimia 87 hawakuwa wamelivaa. Afisa anayeuliza jaketi ziko wapi anauliza jambo la maana kuliko chochote nilichoweza kufunga kiunoni.

Atakayeamua kubeba, na ni haki yake, basi afuate hayo niliyoyasema mpaka mwisho wa ukaguzi. Mwisho wenyewe ni huu: wakikurudishia bastola, mara nyingi itakuwa haina risasi, magazini kando. Ipokee hivyo hivyo, iweke chini, washukuru. Usianze kuijaza wakati boti yao bado imeegemea yako. Ngoja waondoke, wafike mbali kiasi cha kutoona mikono yako, ndipo ushughulike nayo, au uiache hapo chini mpaka urudi gatini.

Msomaji wenu,
Grand Rapids, Michigan