Damu peke yake haithibitishi TB

Ndugu yangu, umeuliza kama karatasi ya majibu ya kipimo cha damu aliyopewa mama huko Wete, Pemba, yatosha kumwanzishia dawa za kifua kikuu (TB). La, haitoshi. Mie nafanya kazi maabara. Vipimo vya kutafuta kingamwili za TB (chembe ambazo mwili hutengeneza kupigana na vijidudu) kwenye damu, WHO, Shirika la Afya Duniani, ilivikataza tangu 2011, maana mgonjwa huambiwa mzima na mzima akaambiwa mgonjwa. IGRA, kipimo kinachoangalia jinsi kinga ya mwili inavyoitikia vijidudu vya TB, nayo ni ya damu na ni ya kuaminika, lakini huonesha tu kwamba vijidudu vimeingia mwilini. Haitenganishi vilivyolala na vinavyokula mapafu.

Wanaotafuta alama nyengine za damu wamefika mbali. Kuna kipimo kinachosoma utendaji wa jeni 3 tu za mgonjwa, GBP5, DUSP3 na KLF2, kwa tone la damu ya kidole. Nakiombea sana, hasa kwa watoto wasioweza kutoa makohozi, ila maradhi ya virusi nayo huweza kubadilisha utendaji wa jeni hizo.

Kwa sasa mpelekeni hospitali ya serikali atoe makohozi ya kifuani, si mate, yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB. Mashine huchukua kama saa 2, na huonesha pia kama vijidudu ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Dawa zenyewe ni bure.