Wasomaji Wanauliza: Miguu inayowaka na muhogo mchungu

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Wanafunzi wangu wakimaliza mita 400 wanasema miguu inawaka moto, na kwa siku mbili zinazofuata hata kushuka ngazi ni shida. Tumezoea kusema ni asidi ya laktiki. Je, inakaa mwilini muda wote huo? Na mbona wa mbio ndefu hawalalamiki hivyo?
Mwalimu wa michezo, Iringa

JIBU: Mwalimu, hayo ni maumivu mawili tofauti, na kila moja lina chanzo chake.

Kazi ya kutengeneza nishati huanzia kwenye saitoplazimu, ule uteute unaojaza seli. Glukosi moja yenye kaboni 6 hupasuliwa kuwa pairuveti 2 zenye kaboni 3 kila moja. Seli hutoa ATP 2 (molekuli zinazobeba nishati ya kutumiwa na seli) kuanzisha kazi na kupata 4, kwa hiyo faida ni 2. Oksijeni haihitajiki hapo. Kinachohitajika ni NAD+, ambayo hubeba elektroni zinazotolewa kwenye glukosi na kugeuka NADH. Seli ina NAD+ kidogo tu; yote ikishabeba mzigo na usipate pa kushushwa, kazi inasimama.

Mwendo ukiwa wa wastani, mzigo hushushwa ndani ya mitokondria, vijumba vya kuzalisha nishati ndani ya seli. Pairuveti huingia humo, kaboni zake zinatoka kama kabonidayoksaidi, na elektroni hupita kwenye mnyororo wa protini hadi kwa oksijeni, ambayo huungana na haidrojeni kuwa maji. Kila glukosi huleta jumla ya ATP 30 hadi 32 hivi. Zile 36 au 38 za vitabu vya zamani hazikuondoa kwenye hesabu nishati inayopotea njiani.

Kwenye mita 400 misuli inadai ATP haraka kuliko mitokondria inavyoweza kuleta, ingawa oksijeni haijaisha mwilini. Ndipo pairuveti inapopokea elektroni za NADH na kuwa laktati (ndiyo hiyo mnayoiita asidi ya laktiki), NAD+ inabaki huru, na kazi ya kupasua glukosi inaendelea kwa kasi. Wakati huohuo asidi huongezeka ndani ya msuli, na kule kuwaka kunahusiana na hali hiyo. Mkimbiaji wa mbio ndefu hukaa chini ya kasi hiyo karibu njia nzima.

Laktati si uchafu. Moyo huichoma kama mafuta, na ini huigeuza tena kuwa glukosi, ingawa hulipa ATP 6 kwa zile 2 zilizopatikana. Ndani ya saa moja hivi imerudi kiwango chake. Maumivu ya kesho yake ni ya nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa kwa kukimbia mteremkoni. Dakika 10 za kukimbia polepole baada ya mbio huondoa laktati haraka kuliko kulala chini, lakini usiwaahidi kwamba kesho hawataumwa. Dawa ya hilo ni kuongeza mazoezi taratibu.

SWALI: Muhogo mchungu unamuuaje mtu anayepumua vizuri? Na kuchemsha hakutoshi?
Mama wa watoto wanne, Masasi

JIBU: Mama, sumu yake ni sayanaidi, nayo hukamata kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali) cha mwisho cha mnyororo wa mitokondria tulioueleza kwenye jibu la kwanza, kile kinachoipa oksijeni elektroni. Damu imejaa oksijeni, ila seli haiwezi kuitumia. Inabaki na zile ATP 2 tu, laktati inapanda, na ubongo na moyo huzidiwa kwanza.

Kuchemsha vipande vikubwa hakutoshi. Sumu imefungwa ndani ya linamarini, kemikali ya asili ya muhogo, ambayo haivunjwi kwa urahisi na moto. Huvunjwa na kimeng'enya cha muhogo wenyewe, na viwili hivyo hukutana muhogo unapopondwa au kulainika. Maji ya moto hukiua kimeng'enya na kuiacha linamarini. Basi menya, loweka siku 3 hadi 4 mpaka ulainike, ponda, kisha anika hadi ukauke kabisa. Makopa yaliyokatwa na kuanikwa bila kulowekwa hubaki na sumu nyingi, na familia zinazoyategemea wiki nyingi wakati wa njaa, bila kunde wala samaki, ndizo hupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu kwa kudumu.

Unga ukiwa na mashaka, uchanganye na maji, utandaze tabaka jembamba kwa saa 2 juani au 5 kivulini, na upike siku hiyohiyo. Kiwango cha kimataifa ni miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo ya unga. Aliyekula akashikwa na kizunguzungu, kutapika na kuhema haraka akimbizwe hospitali, na wahudumu waambiwe alikula muhogo.