Mwanangu, huyo mzee wa Lincolnshire hakuwadhulumu binti zake, ila kwa mkewe nina neno

Mwanangu,

Picha za ule wosia zimefika, nimezikuza kwenye simu mpaka macho yanawasha, maana mwandiko wenyewe umelala na hakuna koma hata moja toka juu mpaka chini. Usidhani ni uzembe wa karani, hati za sheria za Kiingereza enzi hizo ziliandikwa hivyohivyo bila vituo, sentensi moja inatembea ukurasa mzima.

Sasa nirudie swali lako ili mkeo naye akisoma aelewe najibu nini. Umeniuliza kwamba mimi niliyekaa na mafaili ya mirathi pale mahakamani mpaka nimestaafu, naonaje, huyu mzee mkulima wa Lincolnshire kule Uingereza aliyeandika wosia 1851 aliwadhulumu watoto wa kike au vipi? Maana kijana mkubwa kachukua shamba lote ekari 120, kijana wa pili kaachiwa shilingi moja, mabinti watatu paundi 200 kila mmoja na hata hizo hawakupewa mkononi, wamepewa wanaume wawili wawashikie, halafu mjane kaachiwa vyombo, godoro la manyoya, vyumba viwili na paundi 40 kwa mwaka. Na mkeo ni uzao wa yule binti wa mwisho ndo maana ana hasira. Hasira zake nazielewa ila kwanza anywe maji.

Kitu cha kwanza, usisome wosia wa Mwingereza wa zamani kwa kuhesabu nani kapata ekari ngapi, angalia nani anamlipa nani. Kwa sheria yao mali ilikuwa aina mbili na kila aina ilikuwa na njia yake. Ardhi na nyumba upande huu, na upande ule pesa, ng'ombe, mazao ghalani, majembe, vijiko, yani vyote vya kubebeka. Mtu akifa bila wosia ile ardhi yote inaenda kwa mtoto wa kiume mkubwa, peke yake, wadogo zake hawapati hata tuta moja, na hali ilikuwa hivyo mpaka walipobadilisha sheria 1925. (Kent walikuwa na desturi yao ya kugawana sawa watoto wa kiume, na kuna sehemu nyingine shamba lilikuwa linaenda kwa kitinda mimba, lakini Lincolnshire kwa kawaida ni mkubwa.) Vitu vya kubebeka ndo vilikuwa vinagawanywa kwa sheria ya 1670, theluthi moja ya mjane na mbili zilizobaki watoto wote sawa, wa kike kwa wa kiume.

Kwahiyo jiulize, mzee angekufa kimya bila kuandika kitu ingekuwaje? Kijana mkubwa angechukua shamba lote safi bila deni la mtu, na mabinti wangegombania ng'ombe na viti. Mzee alichofanya ni kulibebesha shamba mzigo. Soma tena ule ukurasa wa pili, kijana anapewa shamba *kwa sharti* la kuwalipa dada zake watatu paundi 200 kila mmoja, jumla 600, na asipolipa ndani ya mwaka mmoja anaanza kulipa riba ya asilimia 4. Na hiyo hela imefungwa kwenye ardhi yenyewe, akigoma kulipa dada zake wanaweza kwenda mahakamani shamba liuzwe. Piga hesabu sasa. Riba ya 600 ni paundi 24 kwa mwaka, ongeza 40 za mama, huyo kijana kila mwaka kabla hajala anatoa paundi 64. Na hapo Bunge lao lilishafuta 1846 zile sheria zilizokuwa zinazuia ngano ya nje, bei ya ngano miaka hiyo anaandika wosia ilikuwa chini kweli. Mimi nikiwa huyo kaka nisingeshangilia sana. Wengi waliopewa mashamba kwa mtindo huu waliishia kuyaweka rehani ili walipe ndugu zao.

Na kuna kitu nadhani hamjakiona. Ukurasa huohuo wa pili kwenye kiasi cha mabinti, kuza picha uangalie vizuri, iliandikwa 150 ikapigwa mstari juu ikaandikwa 200, na pembeni ubavuni mwa karatasi kuna herufi za majina seti tatu. Hizo ni za mzee na mashahidi wake wawili. Sheria yao ya wosia ya 1837 ilisema ukibadilisha neno baada ya kuandika lazima mabadiliko yasainiwe na kushuhudiwa kama wosia wenyewe, la sivyo hayahesabiki, linabaki neno la zamani kama bado linasomeka. Kwahiyo mzee aliona 150 hazitoshi, akaita mashahidi, akaongeza hamsini hamsini kwa kila binti, na huyo kaka mtu ndo wa kuzilipa. Mtu anayedhulumu hajisumbui hivyo.

Sasa wale wanaume wawili walioshikishwa hela. Hapa ndo mkeo alikasirika zaidi na hapa ndo mzee alikuwa mjanja kuliko kote. Mwanamke wa Kiingereza akiolewa miaka hiyo, hela yake na vitu vyake vya kubebeka vinakuwa vya mume siku hiyohiyo, hata wosia hawezi kuandika bila ruhusa ya mume. Mume akiwa mlevi au ana madeni, paundi 200 za baba mkwe zinaisha kabla ya Krismasi. Njia ya uhakika ilikuwa kuwapa wadhamini waishike hela, na kuandika kwamba ni kwa matumizi ya binti *peke yake*, mume asiiguse na wanaomdai wasiiguse. Maneno hayo yapo kwenye wosia wenu neno kwa neno, na yameongezewa kwamba binti mwenyewe haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani riba ambayo bado haijamfikia. Unaona kama anamfunga mtoto wake sio? Kumbe anamfunga mkwe. Maana mume anaweza kumbembeleza mkewe au kumpiga mpaka asaini, lakini kama hata saini yake haina nguvu basi hakuna haja ya kumpiga. Mambo haya yalianza kulegea na sheria ya 1870, na ile ya 1882 ndo ikampa mke haki ya kumiliki mali yake kama mtu mwingine yeyote. Huyo binti wa mwisho 1853 baba yake anafariki alikuwa hana sheria hiyo, alikuwa na hao wadhamini wawili tu.

Ukiniuliza udhaifu uko wapi nitakwambia ni hapohapo, mdhamini ni binadamu. Ukipata mwaminifu riba inakuja kila nusu mwaka, ukipata mwingine anaitia kwenye biashara ya shemeji yake na habari imekwisha. Hayo hata huku tunayajua, kikao cha ukoo kinamteua msimamizi wa mirathi wote wanapiga makofi, baada ya mwaka watoto wanakuja masijala wanalia.

Kijana wa pili na shilingi yake. Watu wengi wanadhani shilingi moja ni matusi, au kwamba sheria ililazimisha mtoto apewe japo shilingi ndo wosia usimame. Sheria hiyo haikuwepo. Kwa Waingereza wa karne ile mzee angeweza kumwacha mtoto bila hata senti na asiandike sababu, angeweza kumpa jirani kila kitu, na mahakama ingenyamaza. Mpaka 1938 ndo wakatunga sheria ya mjane na watoto kwenda kuomba mahakama iwaongezee. Kwa sisi watu wa pwani hilo ni la kushangaza kwa kweli, maana tumezoea kwamba kwa Uislamu wosia hauzidi theluthi na mrithi huwezi kumwongezea wala kumfuta kwa hasira zako, mke mwenye watoto ana thumni yake, yani moja ya nane, hata mkinuna. Basi ile shilingi watu waliiweka ili kuonyesha kwamba mtoto hakusahaulika, asije akasema baba alizeeka akapoteza kumbukumbu. Na huyu wenu sababu ameiandika, kwamba fungu lake alishalipata alipofunguliwa duka la ngozi mjini. Hilo nimeliona mara nyingi kwenye mafaili yetu, aliyesomeshwa au kupewa mtaji anarudi kwenye mirathi kana kwamba hajawahi kupewa kitu. Wenzetu hata asipoandika wosia sheria ya 1670 ilitaka kile ulichopewa baba akiwa hai kihesabiwe kwenye fungu lako, isipokuwa yule mkubwa mrithi wa ardhi, yeye ardhi yake haikuhesabiwa. Huo upendeleo ndo wa kuulalamikia.

Na sasa mjane. Hapa mzee sikubaliani naye na sitamtetea. Paundi 40 na vyumba viwili *maadamu ni mjane*, akiolewa tena anapoteza vyote isipokuwa godoro. Najua watakwambia sababu, kwamba akiolewa mume mpya anachukua kila alichonacho, na ni kweli, lakini mbona kwa mabinti alijua kuweka wadhamini? Angeweza kuwawekea na mama yao, hela ile ile watu wale wale. Zamani mjane alikuwa na haki ya theluthi ya mapato ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, ila sheria ya 1833 ikampa mume uwezo wa kuifuta kwa mstari mmoja kwenye wosia, kwa ndoa zote za kuanzia 1834. Na huo mstari upo, ukurasa wa kwanza chini, anasema hizo 40 ni *badala* ya haki yoyote nyingine. Mama aliyekamua ng'ombe wa hilo shamba miaka yote anaishi kwa mwanae na sharti shingoni.

Wenye hela kubwa walikuwa wabaya zaidi lakini. Kuna Peter Thellusson, mfanyabiashara wa London, alikufa 1797 ana watoto watatu wa kiume, akawaachia familia kiasi cha paundi laki moja na zile nyingine kama laki sita akaagiza zikae zizaliane mpaka wafe watoto wake na wajukuu na vitukuu wote waliokuwepo siku anakufa. Bunge lilishtuka likatunga sheria 1800 kuzuia mtu mwingine asirudie. Kesi yake ikaisha 1859, mawakili wameshakula sana na mali haikuwa imekua kihivyo. Mzee wenu wa ekari 120 ukimlinganisha na huyo ni malaika.

Ulivyouliza kwanini kuna muhuri wa mahakama ya askofu, jibu ni kwamba mpaka mwanzoni mwa 1858 mirathi Uingereza ilithibitishwa na mahakama za kanisa, baada ya hapo serikali ikachukua. Na mashahidi wawili ambao si ndugu ni kwa sababu shahidi akiwa ni mrithi, au ni mume wa mrithi, ile zawadi inafutika, wosia unabaki. Hapo hata huku Tanzania tuko hivyo hivyo kwa wosia wa maandishi wa Wakristo, ile sheria ya India ya 1865 iliyoletwa na Waingereza na bado tunayo, mashahidi wawili, na ukioa baada ya kuandika wosia wako unakufa. Wewe umeoa juzi, kama uliandika kitu kabla ya harusi ujue ni karatasi tu.

Mwambie mkeo akitaka kujua kama bibi yake alilipwa kweli, aangalie sensa ya 1861. Ile ya 1851 mara nyingi inaonyesha mkulima ana ekari ngapi na vibarua wangapi, aanze na hiyo apate majina yote, halafu 1861 atazame kama kaka mtu bado yuko kwenye shamba lilelile na ekari zilezile au zimepungua, na kama mama yuko naye nyumbani ameandikwa anaishi kwa posho ya mwaka. Ekari zikiwa zimepungua kuna uwezekano aliuza kipande alipe dada zake. Halafu muende pale ofisi ya nyaraka za Lincolnshire mlipopigia hizo picha muulize kama faili lina risiti za wadhamini, zikiwepo zipige picha vizuri, mwanga utoke ubavuni na kidole chako kisiingie kama kwenye ukurasa wa tatu, nitazisoma.

Mama yako