Maswali ya Wasomaji: Kutembea kwenye machimbo ya zamani ya Chunya

Swali: Habari za kazi. Tuko vijana sita, tunataka kwenda Chunya mwezi wa tatu kutembea kwa miguu kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoachwa tangu enzi za mkoloni. Tumeambiwa maji na viatu imara vinatosha. Ni kweli? (Uyole, Mbeya)

Jibu: Kwanza badilisheni mwezi. Machi mvua bado ipo, majani ni marefu, na shimo hulioni mpaka uwe juu yake. Nendeni Julai au Agosti, majani yakiwa yamekauka au yameshaungua. Oktoba joto huwa kali mno.

Uchimbaji wa Lupa, eneo la dhahabu la Chunya, ulianza miaka ya 1920 na watu wakafurika miaka ya 1930. Mgodi wa New Saza ulifungwa 1956. Kwa hiyo matimba (mbao za kuzuia kuta) ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, ya wakati ule yameshaliwa na mchwa. Udongo humong'onyoka kuanzia chini, juu hubaki ukoko unaoonekana mgumu kumbe hauna kitu. Mdomo wa duara usikaribiwe kwa chini ya mita kumi, na bati au matawi yaliyowekwa juu yake yasikanyagwe. Mkikuta maduara mawili yamefuatana, msipite katikati: wachimbaji hufuata mwamba wenye dhahabu, hivyo chini yenu huenda kuna njia inayoyaunganisha. Tembeeni kwa mstari mmoja, mwenyeji mbele na fimbo, kila mtu mita tatu nyuma ya mwenzake.

Kuingia ndani, hapana. Mawe yenye salfaidi (madini yenye salfa) na mbao zinazooza hula oksijeni, na hewa hiyo haina harufu. Mtu huishiwa nguvu ghafla; anayeshuka kumwokoa hubaki naye. Kuna wanaoshusha mshumaa kupima. Mshumaa huzimika oksijeni ikipungua, lakini kuhusu kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, hauwaambii lolote.

Eneo linaloonekana limetelekezwa huenda lina mwenye leseni. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, naye atawaelekeza kwa mwenye eneo. Na jiwe linalometameta liacheni hapo hapo: chini ya Sheria ya Madini ya 2010, kukutwa na madini bila leseni ni kosa, hata ukisema ni kumbukumbu.

Nguo ziwe za rangi ya khaki. Mbung'o hufuata sana bluu na nyeusi.

Swali: Tukichemsha maji ya mtoni huko Chunya, au tukiweka dawa ya kutibu maji, si yanafaa? (Mafinga)

Jibu: Hayafai. Kuchemsha na klorini huua vijidudu, haviondoi zebaki. Tena maji yakipungua kwa kuchemka, kilichoyeyuka ndani kinakolea. Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki kwenye mialo (sehemu za kuoshea mchanga), na marudio, yaani mchanga uliobaki, huoshwa tena kwa sayanaidi, kemikali ya sumu. Lundo la mchanga wa kijivu lisiloota hata jani, karibu na karasha (mashine ya kusaga mawe) la zamani, lipiteni mbali, na msikae hapo kula. Bebeni lita nne kwa kila mtu kwa mwendo wa saa sita, na akiba nyingine kwenye gari. Wekeni pakiti mbili za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) kwa kila mmoja. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji, si ya kikombe.

Swali: Namibia kuna mji wa almasi uliofukiwa na mchanga. Mgeni anaruhusiwa kuingia? (Iringa mjini)

Jibu: Ndiyo, ni Kolmanskop, kilomita kama kumi kutoka Lüderitz. Almasi ya kwanza ya eneo hilo iliokotwa mwaka 1908 na Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, na wakazi wa mwisho waliondoka 1956. Kibali ni lazima. Nendeni asubuhi, maana mchana upepo hurusha mchanga machoni na ndani ya kamera. Usibadilishe lenzi nje. Ndani ya nyumba kanyageni juu ya mchanga uliolala kwenye sakafu ya chini, si mbao zilizo wazi, na ngazi za ghorofani muachane nazo.