Umepangiwa Lanzhou? Haya uyajue kabla ya kupanda ndege

Barua ya udhamini ikikupangia Lanzhou, usisononeke kwamba si Shanghai wala Guangzhou. Lanzhou ni makao makuu ya jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mji umebanwa na milima pande mbili, Mto Manjano unapita katikati. Udhamini wa serikali ya China humlipa mwanafunzi wa shahada ya kwanza yuan 2,500 kwa mwezi, wa uzamili 3,000 na wa uzamivu 3,500, na bweni juu yake. Mwenzako wa Shanghai hela hiyo inamkaba. Wewe wa Lanzhou utakula vizuri na utaweka akiba.

Ila unafuu huo una sharti, nalo ni Kichina. Guangzhou wapo wafanyabiashara wetu wa miaka mingi. Ukikwama, kuna mtu atakayekusemea. Huku hayupo. Usidanganyike na kozi inayofundishwa kwa Kiingereza: darasani utaelewana na mwalimu, lakini benki, hospitali, mlinzi wa bweni na muuza mboga wote ni Kichina kitupu. Nimeona wanafunzi hodari wakijifungia chumbani muhula mzima kwa sababu hiyo, nao wakarudi nyumbani wakisema Wachina wana roho ngumu. Si kweli hata kidogo. Watu wa Gansu ni wakarimu mno, lakini hawawezi kumkarimu mtu anayewapita kimya.

Kwa hiyo anza nyumbani. Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundishia Kichina, ipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na Tanzania zipo Dar es Salaam na Dodoma. Usianze na mashairi. Anza na namba, bei, anwani, na namna ya kumwambia daktari mahali panapouma. Ukifika, wazee watakuchanganya kwa lahaja ya mjini. Omba warudie polepole, watarudia.

Chakula ndicho kitakachokupendeza mapema. Lanzhou ni mji wa tambi za nyama ya ng'ombe, na wanaozipika ni Wahui, Waislamu wa huko. Kwa Muislamu wa pwani hii ni neema kubwa: huulizi nyama imechinjwa vipi kila mlango. Jifunze tu kuyatambua maandishi 清真, maana yake ni halali, kwa kuwa ya Kiarabu huenda usiyaone. Bakuli moja mikahawa mingi haifiki yuan 10. Unalipa mlangoni, unapewa tiketi, unaipeleka dirisha la jikoni na kutaja unene wa tambi: *xi* ni nyembamba, *jiuye* ni bapa kiasi, *da kuan* ni pana kama mkanda. Mpishi anaivuta palepale kwa mikono. Nenda asubuhi kama wenyeji, kwani migahawa mingi ya zamani hufunga alasiri. Pilipili utawekewa bila kuulizwa, basi wahi kusema.

Baridi inauma, lakini imeandaliwa. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi mwisho wa Machi majengo hupashwa joto kwa mabomba ya mji, na ndani unakaa na shati. Wanaofika kusini mwa China, ambako mfumo huo haupo kwa kawaida, hutetemeka zaidi yetu. Koti usinunue nyumbani, nunua hukohuko. Kinachochosha ni ukavu: midomo inapasuka, na majira ya kuchipua upepo huleta vumbi la jangwani. Tena China nzima inafuata saa ya Beijing, kwa hiyo Desemba jua la Lanzhou huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, nawe unatoka bwenini kungali giza.

Sasa karatasi, na hapa nakusihi usizembee. Ndani ya saa 24 tangu kufika lazima uandikishwe polisi. Bwenini chuo hukusaidia. Ukipanga chumba nje, nenda mwenyewe na mwenye nyumba. Mwenye visa ya X1, yaani ya masomo ya muda mrefu, ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na kukihuisha huombwa siku 30 kabla hakijaisha. Pasipoti inayokaribia kufikia kikomo ibadilishe nyumbani, kwa sababu ubalozi uko Beijing, na hiyo ni safari ya treni ya kukumalizia siku.

Halafu atakuja mtu na kazi ya kufundisha watoto Kiingereza, malipo mkononi, hakuna kuandikishana. Ikatae. Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini iliyoandikwa katika kibali chake. Faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unaweza kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Aliyekuajiri atapata mwingine. Udhamini wako hautarudi. Ukitaka kazi, anzia ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Malipo yote ni kwa simu, WeChat au Alipay, hata kwa muuza viazi vya kuchoma. WhatsApp na Google zimefungwa. Fungua WeChat, ambayo pia ni ya kuzungumzia na kutumiana ujumbe, kabla ya safari, kwa maana mara nyingine inadai mtumiaji wa zamani akuthibitishe, na umwekee mama pia kwenye simu yake, ajifunze kuipokea. Tofauti ni saa tano: kwenu saa moja jioni, huku ni saa sita usiku.

Begini weka mafuta mazito ya kujipaka na dawa unazozitegemea, na dada zangu msuke kabla ya kuondoka. Unga usibebe. Gansu wanalima mahindi, unga wake wa njano unapatikana sokoni, na ugali unasongeka.