Presha ya Mkononi ni Nzuri, Mbona Moyo Umetanuka?

SWALI: Mama yangu aliwahi kuugua kifua kikuu akamaliza dozi. Siku hizi anahema akitembea kidogo, na jioni miguu huvimba hadi kandambili zikambana. Hospitalini hapa Dodoma alipimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), tukaambiwa ana presha ya mapafu na moyo umetanuka upande wa kulia, ilhali presha ya mkononi ni 118 kwa 74. Inawezekanaje? — Msomaji, Kondoa.

JIBU: Pole kwa kumuuguza mama. Kipimo cha mkononi huonyesha presha ya damu inayosukumwa mwilini na upande wa kushoto wa moyo. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni kwa mishipa mingine, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa na presha ya wastani ya milimita 14 hivi za zebaki. Ikizidi 20 akiwa amepumzika, huo ni ugonjwa. Eko hukadiria tu. Uthibitisho hupatikana kwa mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni.

Ateri za mapafu, yaani mishipa hiyo ya kupeleka damu mapafuni, zikiwa na afya ni laini na hutanuka kila moyo unapopiga, ndiyo maana chemba ya kulia ya moyo hutosheka na ukuta mwembamba. Makovu ya kifua kikuu huziba au kuharibu mishipa midogo, na damu yote hulazimika kupita katika iliyobaki. Presha ikidumu juu, ateri kubwa nazo hukakamaa, jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: ateri ngumu haipokei pigo kwa kutanuka, na wimbi la presha hurudi upesi kuukabili moyo ungali unasukuma. Misuli ya chemba hunenepa, kisha chemba hutanuka na kuusukuma ukuta wa kati, hata upande wa kushoto ukakosa nafasi ya kujaa vizuri. Nyuma yake damu hurundikana kwenye mishipa ya shingo, ini na miguu.

Hata hivyo, msikimbilie kulaumu kifua kikuu peke yake. Vali (mlango wa damu) ya upande wa kushoto wa moyo iliyobanwa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, damu iliyoganda mapafuni na kichocho huweza kuleta hali hiyohiyo, na tiba hutofautiana. Dawa za kukojoza hupunguza uvimbe, bali hazilainishi ateri. Sildenafil, ambayo wengi wanaifahamu kama dawa ya nguvu za kiume, husaidia baadhi ya wagonjwa na huweza kumdhuru mwenye tatizo la upande wa kushoto. Msiinunue dukani kwa kuambiwa na jirani. Mwulizeni daktari hali ya vali hiyo, na mama apimwe oksijeni akiwa amekaa na baada ya kutembea.